Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja Ambaye Wasee wa Makutano Bado Wanamgombania

Kama umewahi kushukia Makutano, iwe ni ile ya Meru mjini ama ile ya barabara ya kwenda Embu, unajua hizo sehemu hazijui kunyamaza. Makanga wanavutana na abiria, mutura inachomwa kando ya barabara, na spika ya duka la simu inashindana na ya baa ya jirani.

Sasa chukulia uko kwa base moja ya jioni pale Makutano ya Meru. Kuna fundi wa magari, kuna konda wa ndai za Maua, kuna dem mmoja wa chuo, na kuna mzee ambaye kitambo alikuwa dereva wa lori. Veve iko kwa meza, chai iko kwa thamosi. Ungedhani wanapigana mdomo juu ya Arsenal ama siasa za kaunti. Zii! Wanabishana ni albamu gani ya Queen iko juu ya zingine zote.

Usicheke. Queen walitoa albamu 15 za studio kati ya 1973 na 1995, na hii ligi haijawahi kupata mshindi mahali popote duniani. Lakini ukiwaskiza hawa wanne vizuri, utaona kila mmoja amechagua kipande chake cha maisha ya msee mmoja tu. Na huyo msee, kama hukuwa unajua, alizaliwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Wacha tukupe stori yake yote, halafu mwisho utasema wewe uko upande wa nani.

KABLA AITWE FREDDIE

Tarehe 5 Septemba 1946, mtoto kijana alizaliwa hospitali ya serikali pale Mji Mkongwe, Unguja. Akapewa jina Farrokh Bulsara. Mbuyu wake, Bomi, alikuwa anafanya kazi ya pesa kwa mahakama kuu chini ya Waingereza. Mathee wake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta, asili yao Gujarati kule India.

Usione Zanzibar iko mbali na wewe. Wakati Farrokh anazaliwa, hata ukanda wetu wa pwani, Mombasa ikiwemo, kwa makaratasi ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar. Kwa hivyo huyu mtoto alikulia kwa kile kisiwa ambacho bendera yake ilikuwa inapepea mpaka huku Kenya. Adhana asubuhi, karafuu bandarini, Kiswahili mtaani, Kigujarati nyumbani, Kiingereza kazini kwa mbuyu. Hiyo yenyewe ilikuwa makutano.

Akiwa na kama miaka 8, wazazi walimpeleka bweni India, shule ya St. Peter's pale Panchgani. Ile safari ilikuwa ya meli, wiki kadhaa baharini. Fikiria umechukuliwa Meru ukiwa darasa la pili, ukapelekwa shule nchi ingine, na hujui lini utaona mathee tena. Huko ndiko alijifunza piano vizuri, na huko ndiko wenzake walianza kumuita Freddie. Akiwa na miaka 12 akaunda bendi ya shule na mabeshte zake, wakaiita The Hectics.

Kitu kingine: alikuwa na meno manne ya ziada nyuma, yakasukuma ya mbele yakatokeza. Watoto walimcheka. Alipokuja kuwa na ganji ya kununua daktari yeyote wa meno duniani, bado alikataa kuyatoa. Alikuwa anaogopa yatabadilisha sauti yake. Maisha yake yote alikuwa anafunika mdomo na mkono akicheka.

ILE JANUARI YA 1964

Mwaka wa 1963 Freddie alikuwa amerudi Unguja. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ikapata uhuru. Mwezi mmoja tu baadaye, 12 Januari 1964, mapinduzi yakalipuka. Sultani Jamshid akatoroka. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu na Wahindi, na wengine wengi wakakimbia na nguo walizovaa.

Bulsara na familia yake walikuwa kati ya waliotoka mwaka huo. Freddie alikuwa na miaka 17. Wakaenda kuishi Feltham, mtaa wa kawaida kando ya London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Ule uzito waliokuwa nao Unguja, hapo haukuwa na kazi. Walikuwa tu Wahindi wengine wageni kwa baridi.

Hii sehemu Freddie karibu hakuwa anaibonga. Fani wengi wa Queen Ulaya na Marekani walikuja kujua yeye ni mtoto wa Zanzibar akiwa ashazikwa kwenye stori za magazeti. Kama unajua mtu yeyote aliyekimbia vita, unajua hii tabia. Kuna mlango mtu anafunga nyuma yake na hataki kuulizwa funguo iko wapi.

MZEE WA LORI ANASEMA: QUEEN II

Mzee wetu wa Makutano hana haraka. Yeye anasema bila Queen II ya 1974, hakuna Queen. Na ana pointi.

Freddie alisomea uchoraji wa matangazo Ealing, akamaliza 1969. Akawa hasla wa kawaida. Aliwahi kubeba mizigo Heathrow, na kwa soko la Kensington alikuwa na kibanda cha nguo na beshte yake Roger Taylor. Sasa wewe mtu wa Gikomba, ama wewe wa mtumba pale Gakoromone, jua kwamba mmoja wa waimbaji wakubwa zaidi duniani alianza kwa kuuza nguo kibandani kama wewe.

Roger alikuwa anapiga ngoma kwa bendi iliitwa Smile, pamoja na Brian May, mwanafunzi wa mambo ya nyota ambaye gita lake alilitengeneza yeye na babake kwa mbao za meko ya zamani. Mwimbaji wao alipotoka 1970, Freddie akaingia. Yeye ndiye alichagua jina Queen. Akachora nembo ya bendi kwa alama za nyota za wanachama. Kisha akajibadilisha jina, Bulsara ikawa Mercury. John Deacon wa besi akafika 1971, na timu ikakamilika. Hawa wanne hawakubadilishana mpaka kifo.

Albamu ya kwanza ilitoka Julai 1973, watu wakapita nayo tu. Queen II ikaja Machi 1974, na badala ya upande wa kwanza na wa pili, wakaita upande mweupe na upande mweusi. Ule mweusi wote ni nyimbo za Freddie: majini, malkia, vita, sauti zimepangwa juu ya sauti. Mzee anasema hapo ndipo unaskia mtoto aliyekulia kwa hadithi za bahari. Wenye hawapendi wanasema ni kelele ya msanii anajionyesha. Na bado ndiyo albamu iliyowapa hit yao ya kwanza, Seven Seas of Rhye, ikafika nambari 10 Uingereza.

FUNDI ANASEMA: A NIGHT AT THE OPERA

Fundi hataki hata kuskia mengine. Yeye ni mtu wa kazi safi, na anasema hii ya Novemba 1975 ndiyo injini iliyofungwa bila boliti kubaki.

Hali ilikuwa mbaya kabla yake. Walikuwa washapata hit kubwa na Killer Queen mwaka wa 1974, ilifika nambari 2, lakini mfukoni walikuwa sapa. Mkataba na mameneja wa kwanza ulikuwa umewakaba. Wakatoka hapo wakaingia studio na deni, na wakatoa moja ya rekodi ghali zaidi za wakati huo. Ingeanguka, labda leo hatungekuwa tunaongea.

Ndani yake kuna Bohemian Rhapsody. Karibu dakika 6. Haina kiitikio. Inaanza kama maombi, inaenda polepole na piano, inageuka opera, inalipuka rock, inarudi chini. Zile sauti za opera walizirekodi juu ya zingine mara nyingi hadi tepu ikaanza kuisha, ukiinua kwa mwanga unaona ng'ambo. Na katikati kuna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja amelisikia kabla ya kula. Freddie hakuwahi kueleza huo wimbo una maana gani. Aliwaacha watu wajipange.

Watu wa kampuni walisema hakuna redio itacheza kitu ndefu hivyo. Mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, akaicheza mara 14 wikendi moja. Ikakaa nambari 1 Uingereza wiki 9. Fundi hapo hufunga mdomo, anaenda kuongeza chai, kwa sababu kesi imeisha.

KONDA ANASEMA: THE GAME

Konda anasema kesi haijaisha. Swali lake ni moja: ngoma gani inaweza kuchezwa kwa ndai saa kumi na mbili jioni, na kila abiria atingishe kichwa, hata wenye hawajui rock ni nini?

Kwanza anakupitisha News of the World ya 1977. Hiyo ndiyo ina We Will Rock You ya Brian May, ambayo mdundo wake ni miguu na makofi tu, na We Are the Champions ya Freddie. Timu ya kata ikichukua kombe la mbuzi, hiyo ya pili inawekwa. Wanaoimba hawajui ni ya nani. Sasa unajua.

Halafu anaweka The Game ya 1980 kwa meza. Miaka yote ya mwanzo Queen walikuwa wanajivunia kwa majalada yao kwamba hakuna sintesaiza ndani. Hapa wakaleta. Freddie akakata nywele, akaweka mustachi, na fani wengine wakakasirika mpaka wakawa wanamrushia nyembe jukwaani. Lakini Another One Bites the Dust, ya John Deacon mnyamavu, ilikuwa na besi iliyotoka kwa disko ya watu weusi wa Marekani, na Michael Jackson ndiye aliwaambia waitoe kivyake. Ikafika nambari 1 Marekani. Crazy Little Thing Called Love nayo pia ikafika. The Game ndiyo albamu ya studio pekee ya Queen kushika kilele Marekani.

Shida ni kwamba 1982 walienda mbali zaidi na disko, wakatoa Hot Space. Hata konda huanza kukohoa hapo. Ina Under Pressure na David Bowie, sawa, lakini fani wengi wa rock waliona wamesalitiwa, na Marekani ikaanza kuwapa mgongo.

DOA MOJA LISILOFUTIKA

Sasa hapa lazima tukuambie ukweli, hata kama wewe ni fani.

Oktoba 1984, Queen walienda kupiga shoo Sun City, kwa hoteli ya kifahari ndani ya Bophuthatswana, moja ya zile nchi feki ambazo makaburu walizichora ili kuwafungia watu weusi nje ya Afrika Kusini yao. Mandela alikuwa bado ndani. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeomba wasanii wasiende. Chama chao cha wanamuziki Uingereza kilikataza. Walienda bado, wakapigwa faini na chama, na jina lao likaandikwa kwa orodha ya Umoja wa Mataifa. Walijitetea kwamba wao ni watu wa muziki na si wa siasa.

Kwa base yetu, hapa watu hunyamaza kidogo. Mzee wa lori anakumbuka enzi ambayo pasipoti yako ya Kenya haingekupeleka Afrika Kusini. Na anauliza swali ambalo wenzake hawana jibu: kijana wa Kiasia aliyezaliwa Afrika, ambaye angekaa upande gani wa benchi huko bila umaarufu wake, hakuona?

DAKIKA 21

Miezi tisa baadaye ikaja 13 Julai 1985. Live Aid, uwanja wa Wembley, watu kama 72,000 ndani, na inakadiriwa zaidi ya bilioni moja kwa televisheni. Pesa zilikuwa za njaa ya Ethiopia.

Hiyo njaa haikuwa ya majirani peke yao. Muulize nyanya yako wa Tharaka ama Mbeere kuhusu 1984. Atakuambia juu ya mahindi ya manjano ya msaada, vile ugali wake ulikuwa na ladha ngeni, na vile watu walipanga laini wakiushukuru hivyo hivyo.

Wakati huo wengi walikuwa wanaona Queen wamezeeka. Freddie akatokea na fulana nyeupe na jinzi, akakaa kwa piano, na kwa kama dakika 21 akachukua uwanja wote. Akaanza kuita kwa sauti bila maneno, umati unajibu, anapandisha, wanapanda naye. Mkristo yeyote wa Meru anaijua hiyo mbinu, na mtu wa taarab pia. Mpaka leo watu wa muziki wakiulizwa shoo bora ya rock ni gani, wengi hutaja hiyo.

Shoo yake ya mwisho na Queen ilikuwa Knebworth, 9 Agosti 1986. Hakuna aliyejua ni ya mwisho.

DEM WA CHUO ANASEMA: INNUENDO

Dem wetu amekuwa kimya muda wote, anatafuna njugu. Sasa anaweka yake: Innuendo, Februari 1991. Na anasema wengine wote mnabonga juu ya albamu za mtu mzima. Hii ni ya mtu anayekufa, na bado haombi huruma.

Freddie alijua ana virusi vya UKIMWI tangu 1987. Siku hizo hakukuwa na ARV za kukuweka hai kama leo. Alificha. Waliojua ni wachache: mpenzi wake Jim Hutton, Mary Austin ambaye walipendana ujanani na akabaki rafiki yake wa karibu, na baadaye wenzake wa bendi. Magazeti yalikuwa yanamvizia nje ya geti yakipiga picha za mwili unaokonda. Yeye akaenda studio. London, kisha Montreux kando ya ziwa kule Uswisi. Kabla ya hapo alikuwa ashaimba na Montserrat Caballé, staa wa opera wa Uhispania, ile albamu ya Barcelona ya 1988. Alikuwa anafanya kazi kama mtu ambaye ameona saa.

Wimbo wa kufunga Innuendo ni The Show Must Go On. Brian May amesimulia kwamba alimuonyesha akiwa na wasiwasi, kwa sababu noti ziko juu na Freddie alikuwa hata kutembea ni shida. Freddie akameza vodka kidogo, akasimama, akauimba. Weka hizo ngoma mbili, hii na ya 1975, moja baada ya nyingine. Sauti ya 1975 ni nzuri zaidi. Ya 1991 inakuvunja.

Baada ya hapo aliendelea kurekodi vipande ili wenzake wamalizie akiwa hayuko. Ndivyo Made in Heaven ilitoka 1995. Kwa Mother Love, ubeti wa mwisho anauimba Brian May, kwa sababu Freddie alisema atarudi kuumalizia akipata nguvu, na hakurudi.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwa ulimwengu kwamba ana UKIMWI. Siku iliyofuata akafa nyumbani kwake Kensington. Miaka 45. Makasisi wa Zoroasta waliomba juu ya mwili kwa lugha ya mababu zake, kisha ukachomwa. Majivu yako wapi, Mary Austin peke yake ndiye aliachiwa hiyo siri.

Fikiria huo mwaka, 1991, hapa kwetu. Watu walikuwa wanakufa vijijini na jirani wanasema amerogwa. Serikali ya Kenya ilikuja kutangaza UKIMWI janga la kitaifa 1999. Kuna familia nyingi kutoka Isiolo hadi Embu ambazo ziko na picha ukutani ya mjomba ama shangazi aliyekufa miaka hiyo, na mpaka sasa hakuna mtu hutaja ni nini. Freddie alitamka siku moja tu kabla ya kufa. Wengine wanasema alichelewa. Dem wetu anasema wengi wetu hatukutamka kabisa.

Pesa za jina lake zilianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, Mercury Phoenix Trust, baada ya tamasha kubwa la kumkumbuka pale Wembley, 20 Aprili 1992. Na Novemba 2003, Brian May na Roger Taylor walipanda jukwaani Cape Town, kwa tamasha la Mandela mwenyewe la UKIMWI. Miaka 19 baada ya Sun City. Mzee wa lori anasema hilo ni deni limelipwa nusu. Konda anasema limeisha. Hiyo nayo ni ligi ingine.

KWANI NI WETU AMA SI WETU?

Ukienda Mji Mkongwe leo, pale Shangani, kuna jumba la makumbusho la Freddie lililofunguliwa 2019. Watalii wanapiga picha mlangoni. Lakini Unguja hawajakubaliana juu yake. Mwaka wa 2006 kulikuwa na mpango wa kusherehekea miaka 60 ya kuzaliwa kwake, na kundi moja la dini likapinga vikali kwa sababu ya maisha yake na wanaume. Sherehe ikafutwa. Kisiwa kinauza jina lake na kinaona haya juu yake, siku hiyo hiyo.

Yeye mwenyewe pia hakutupigia simu. Hakuimba Kiswahili, hakujiita Mwafrika. Kwa hivyo kumdai wote kwa mkupuo ni uongo kidogo. Lakini kusema hatuhusu pia ni uongo. Alizaliwa na mji wetu, akafukuzwa na vita vyetu, akaimba kwa njaa yetu, akakosea juu ya ndugu zetu wa kusini, na akafa na ugonjwa uliotumaliza sisi kuliko mtu yeyote.

Saa hii giza limeingia Makutano, ndai ya mwisho ya Maua inaita, konda lazima aende. Mabishano hayajaisha na kesho yataanza pale pale. Mimi, ukinilazimisha, niko na dem wa chuo: Innuendo. Fundi ashanikasirikia.

Sasa ni wewe. Kabla ujibu, fanya hivi: chukua albamu moja kati ya hizo nne, iskize kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka ngoma, hata kama ni kwa simu ya kukopa. Halafu kuja utuambie: Queen II, A Night at the Opera, The Game ama Innuendo? Na usiseme Greatest Hits. Kwa base ya Makutano, hiyo ni kuogopa.